Hela iliisha tarehe ngapi? Kutafuta chanzo kabla ya kupanga bajeti

Kabla hujaandika bajeti yoyote, jibu swali moja: mwezi uliopita hela iliisha siku ya ngapi tangu mshahara utoke? Usijibu "mapema" au "katikati ya mwezi", taja siku. Wengi wetu hapa Dodoma tukibanwa tunaanza kwa kukata ovyo: chai ya ofisini basi, soda basi, bando linapunguzwa, na mwezi unaofuata tunakwama siku ile ile. Fundi bajaji hafungui injini kabla hajauliza inazima ikiwa baridi au ikishachemka. Hela inayoisha siku ya nne na hela inayoisha siku ya kumi na nane zina magonjwa tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Vifaa vya kazi ni viwili. Cha kwanza ni taarifa ya miamala ya mwezi mzima, ya simu na ya benki kama unayo; inapatikana kwenye menyu au programu ya mtandao wako. Cha pili ni daftari na kalamu. Pitia mstari kwa mstari. Kila palipoandikwa umetoa hela kwa wakala, zungushia duara. Kila ulipomtumia mtu, piga mstari chini yake. Kila ada na kila kato, weka nyota. Ukimaliza, siku uliyotaja na alama zilizojaa zaidi kwenye ukurasa ndizo zitakazokuonyesha uanzie sehemu ipi hapa chini.

Hela inaisha ndani ya wiki ya kwanza

Hapa tatizo haliko sokoni wala jikoni. Hela ilishaliwa kabla haijafika. Unaangalia sehemu mbili: karatasi ya mshahara, na madeni yasiyoonekana kwenye karatasi hiyo.

Anza na karatasi. Watumishi wengi wanajua tarakimu ya mwisho tu, ile inayoingia benki. Chukua mfano wa kima cha chini cha mtumishi wa umma, ambacho tangu Julai 2025 ni 500,000 kutoka 370,000. Mchango wa pensheni asilimia 5 ni 25,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 15,000. Kodi haigusi 270,000 za kwanza, na pensheni inaondolewa kabla kodi haijapigwa, kwa hiyo unakatwa asilimia 8 ya 205,000 inayobaki juu, yaani 16,400. Umebaki na 443,600. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, 75,000 nyingine, na unashika 368,600. Hapo chama cha wafanyakazi hakijachukua chake na benki haijagusa kitu.

Sasa ndiyo anakuja afisa mikopo, anakuonyesha kwamba bado "unakopesheka". Anachopima ni ile kanuni ya theluthi: makato yote yasishushe unachopokea chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa 500,000 theluthi ni kama 166,700. Kanuni inasema ubakiwe na hiyo. Haisemi kwamba utaweza kuishi nayo Nkuhungu na watoto watatu. Kama makato ya benki ndiyo yanakumaliza, jambo la kwanza ni kuacha kuongeza mkopo juu ya mkopo kabla wa kwanza haujaisha. Kila unapoongeza, miaka inaanza kuhesabiwa upya na ada za kufungua mkopo unazilipa tena. La pili ni kuuliza salio la kila deni, hasa la Bodi ya Mikopo. Mtu aliyemaliza deni anaweza kuendelea kukatwa mpaka afuatilie, na kufuatilia ni kwenda na karatasi mkononi. Hasira haifungui faili la mtu.

Madeni yaliyo nje ya karatasi ndiyo yanayoua kimyakimya. Jina lake la mtaani ni kausha damu, na aliyelitunga aliwahi kukopa. Mtu anakopa 100,000 anarudisha 130,000 baada ya mwezi. Inaonekana ni 30,000 tu. Lakini asiporudisha yote analipa riba peke yake, 30,000, na deni la laki linabaki lilivyo. Miezi minne ya namna hiyo ameshatoa 120,000 na bado anadaiwa laki. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni 3,500. Linganisha mwenyewe.

Kwenye simu ni yale yale. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Zikishafungwa hizo zinaibuka nyingine kwa majina mapya, kwa hiyo usitafute jina, tafuta tabia: programu inayotaka kusoma orodha ya namba zako zote kabla ya kukupa 50,000 haitafuti wateja, inatafuta watu wa kuwatumia meseji za kukuaibisha. Futa hiyo.

Ukiwa umeshaingia, panga madeni kwa riba na usiyapange kwa kelele. Anayepiga simu mara sita kwa siku si lazima awe ndiye mwenye riba kubwa. Mara nyingi mwenye kelele ni yule unayedaiwa 20,000 na mwenye riba ya asilimia 30 amenyamaza anakusubiri. Lipa kiasi kidogo cha chini kwa wote, kisha kila shilingi ya ziada impelekee mwenye riba kubwa mpaka aishe. Kukopa kwenye kikoba au SACCOS ya kazini ili kumaliza kausha damu kunaruhusiwa, mradi hurudi tena kule. Na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri asipewe mkopeshaji yeyote. Ukishampa, wewe ndiye unayemwomba yeye mshahara wako.

Hela inaisha kati ya siku ya kumi na ya ishirini

Huu ndio ugonjwa ulioenea zaidi, na unawapata watu waangalifu. Hawanywi, hawabeti, hawana madeni makubwa. Kosa lao ni kipimo: wananunua kila kitu kidogo kidogo, na anayenunua kidogo ndiye analipa bei ya juu kuliko wote.

Chukua unga. Familia ya watu watano inayosonga ugali mara moja kwa siku, na uji wa watoto asubuhi, inakula kama kilo moja na nusu, sawa na kilo 45 kwa mwezi. Tuseme dukani kwa Mangi kilo ni 1,600: hiyo ni 72,000. Sasa tuseme gunia la mahindi la kilo 100 ni 70,000 wakati wa mavuno, usafiri 3,000, na kusaga dona mashineni shilingi 100 kwa kilo, 10,000. Jumla 83,000, na unga huo unakwenda miezi miwili. Kwa mwezi ni 41,500. Weka bei za mtaani kwako leo. Tarakimu zitacheza lakini pengo litabaki. Anayetaka sembe ahesabu pia kwamba kukoboa kunapunguza uzito, ingawa pumba zinauzika kwa wafuga kuku na nguruwe. Dona usiisage yote kwa pamoja, kwa sababu haikai muda mrefu kama sembe. Peleka debe moja moja.

"Hela ya gunia nitaitoa wapi?" Swali la haki. Gunia ni kama debe sita, kwa hiyo nyumba tatu zikichanga zinapata debe mbili mbili na kila mmoja ametoa chini ya 30,000. Wapangaji wa nyumba moja wanaweza kufanya hivyo wiki ile ile mishahara inapotoka. Wakati mzuri ni kuanzia Juni mpaka Agosti, mahindi yanapokuwa mengi Kibaigwa na bei imelala. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na ikifika Januari akiba za wengi zimeisha na bei inapanda. Ukinunua ya kukaa, tumia mifuko ile yenye tabaka za nailoni ndani inayofungwa isipitishe hewa. Dumuzi akikosa hewa anakufa.

Sado, lile kopo la kupimia, nayo ichunguzwe. Kwenye masoko mengi, Majengo hata Sabasaba, mchele, maharage na karanga vinauzwa kwa sado kama kwa kilo, na sado siyo moja. Geuza uangalie chini: ikibonyezwa kitako kuelekea ndani, imeshakula robo yako kabla muuzaji hajaanza kumimina. Nunua siku moja, kapime kwenye mizani ya duka la jirani, uandike umepata kilo ngapi. Hutahitaji kugombana na mtu, utajua tu wa kumrudia na wa kumpita.

Mafuta ya kula ndiyo yanayonikera kuliko vyote, kwa sababu tunaishi katikati ya alizeti. Singida iko jirani, Kongwa iko jirani, mashine za kukamua zimejaa, na mtu ananunua mafuta ya kupima ya mia tano kila jioni. Piga hesabu ya mwezi ya hizo mia tano, uone umenunua lita ngapi na kwa bei gani kila moja. Dumu la lita tano mnaweza kuchanga majirani wawili kama hela haifiki.

Mkaa unafuata njia hiyo hiyo: kopo ni ghali kuliko ndoo, ndoo ni ghali kuliko gunia. Maharage yaloweke usiku, na makande vilevile, utapunguza muda wa jiko kwa kiasi kinachoonekana. Mwenye mtungi mdogo wa gesi autumie kwa chai na mboga za haraka, vya kuchemka muda mrefu vibaki kwenye mkaa au umeme.

Maji nayo. Yuniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa 300, yuniti hiyo imekugharimu 15,000. Chukua bili ya DUWASA uone yuniti kwenye bomba ni shilingi ngapi, halafu keti kidogo. Maeneo mengi ya jiji maji hutoka kwa mgao, kwa hiyo kinachokosekana mara nyingi ni chombo cha kuyahifadhi. Pipa moja la lita 200 lililonunuliwa mara moja linajilipa lenyewe haraka kuliko akiba yoyote ninayoifahamu.

Na mboga, hili nalisema kwa upendo kwa ndugu zetu waliohamia na serikali. Ukiendelea kula Dodoma kama uko Kinondoni, kiangazi utakuwa unalipia usafiri wa kila jani. Mlenda wa kukausha wa Kigogo unakaa mwaka mzima, unaiva haraka, haudai mafuta mengi, na ukiweka karanga za kusaga na ugali wa uwele umekula chakula ambacho wenyeji wamekuwa wakikila kwenye ukame tangu zamani. Nyama kaileni Msalato Jumamosi ya mnada, mara moja kwa mwezi, kwa heshima yake, badala ya vipande viwili viwili vya buchani vinavyolowesha mchuzi tu.

Umeme wa elfu tano unaleta yuniti chache kuliko zamani

Sababu mbili. Ya kwanza ni kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU: kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Usiponunua umeme miezi miwili, inakusubiri yote. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji atunze risiti na akubaliane naye aipunguze kwenye kodi ya chumba. Ya pili ni kundi la bei. Wateja wa matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, wanalipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Wakizidi, yuniti za juu zinapanda hadi zaidi ya mara tatu. Nyumba ya wapangaji watano kwenye mita moja inavuka kiwango hicho bila mtu yeyote kuwa mbadhirifu. Kwanza angalieni nani ana jiko la koili.

Mwezi unakwenda vizuri, halafu Januari inavunja kila kitu

Au mwezi wa kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka mwezi wake, na wewe unaiita dharura. Kitu kinachokuja kila mwaka tarehe ile ile hakiwezi kuwa dharura.

Andika vyote vinavyokuja kwa mkupuo ndani ya mwaka. Tuseme kodi ya chumba na sebule ni 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000. Sare, madaftari na michango ya shule 240,000, maana elimu bila ada haijawahi kumaanisha elimu bila viatu. Sikukuu na safari ya nyumbani 120,000. Mbegu na kulima kwa mwenye kashamba Bahi au Mvumi, 120,000. Jumla 1,440,000. Gawa kwa 12: 120,000. Basi anayeshika 443,600 mshahara wake wa kweli ni 323,600, na mwezi upangwe kwa hiyo. Ile 120,000 haikuwa yako hata siku moja, ilipita tu mkononi.

Ikae wapi? Ikikaa kwenye simu unayotumia kila siku itaondoka. Kibubu kinafaa kwa sarafu, kwa laki kinatia wasiwasi. Wenye nidhamu ya wastani wanaweza kuiweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS ulioanza 2013, ambao unatoa hela yako ukiihitaji bila kungoja mwaka uishe. Wasio na nidhamu, na ndio tulio wengi, kikoba ni bora, kwa sababu mwenyekiti na mhasibu hawana huruma na sababu zako.

Ila kikoba kina kasoro moja inayorekebishika. Vingi vinavunja mzunguko na kugawana katikati ya Desemba. Hela ya mwaka mzima inatua mkononi siku kumi kabla ya Krismasi, na shule zinafunguliwa hela imeshakuwa pilau na nguo mpya. Pelekeni hoja kikaoni: mgawanyo uwe wiki ya kwanza ya Januari. Hakuna gharama, hakuna fomu, ni kura tu.

Kuhusu miezi sita ya kodi, wenye nyumba wengine wanakubali mitatu mitatu kwa mpangaji ambaye hajawahi kuwasumbua. Nenda mwenyewe, usitume meseji, na nenda kabla mkataba haujaisha: "Shikamoo mzee. Nimekuja kuhusu kodi ya mwezi wa tatu. Naomba safari hii nilipe mitatu, halafu mitatu mingine mwezi wa sita tarehe 26. Nimekuja mapema ili kama haitawezekana unieleze nijipange." Mzee anayefuatwa mapema hujibu tofauti na mzee aliyegonga mlango mara nne.

Mshahara mmoja, majiko mawili

Hili ni la Dodoma kuliko mji mwingine wowote nchini. Tangu serikali ianze kuhamia 2016, maelfu ya watumishi wana chumba huku na familia Dar. Kuna gesi mbili, umeme mara mbili, na kodi mbili kama wa Dar naye amepanga. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024 iliondoa uchovu na ikaleta kishawishi: nauli ya kawaida ilianza kwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000, na wikiendi mbili kwa mwezi ni 124,000 kabla hujapanda bajaji wala kununua zawadi za watoto. Ukiwa na familia hutalala bila kwenda, na sitakushauri usiende. Lakini ihesabu kama kodi, iwe na mstari wake, na mkae na mwenzio mlinganishe nayo gharama ya kuhamisha nyumba moja. Familia nyingi hazijawahi kufanya hesabu hiyo, zinasema tu "mpaka mtoto amalize darasa la saba", na mtoto ana wadogo zake.

Ukurasa umejaa maduara na hujui hela ilikwenda wapi

Unatoa elfu kumi kumi kwa wakala. Kila kutoa kuna ada, na noti ikishavunjwa haina kumbukumbu. Toa mara moja kwa wiki, siku moja, kiasi kimoja. Nauli ya daladala, nyanya na vocha vitoke humo, na ikiisha Alhamisi, ni Alhamisi. Panapopokea lipa namba, lipa kwa simu ili ibaki kwenye taarifa. Angalia pia zile huduma za kukukamilishia muamala salio lisipotosha. Zinaokoa mara moja, lakini ada yake inapanda kadiri deni linavyolala, na hela ya kwanza kuingia inachukuliwa kabla hujaiona.

Mikeka sina mengi ya kusema. Jumlisha ulizoweka kwa miezi mitatu, jumlisha ulizoshinda, andika mbili hizo juu ya ukurasa mmoja.

Ukurasa umejaa mistari: watu

Harusi, kipaimara, sendoff, msiba, ada ya mdogo wako, dawa za mama. Ushauri wa "jifunze kusema hapana" umetungwa na watu wasiozikwa na majirani. Hapa mchango ni bima, na asiyechangia msiba wa wenzake ajiandae kubeba jeneza na nduguze wawili. Kinachotakiwa ni kiwango na utaratibu.

Tenga kiasi cha watu kwa mwezi, kisha ukigawe kwa uzito. Msiba na ugonjwa vinakuja kwanza. Sherehe zinagawana kilichobaki. Na usikae kimya kwenye kundi ukitumaini watakusahau, kwa sababu kimya ndicho kinachozaa ahadi ya laki unayoiandika kwa aibu usiku wa manane. Jibu siku kadi inapofika, kwa mwenyekiti moja kwa moja: "Shikamoo mwenyekiti. Kadi nimeipokea, nawapongeza sana. Uwezo wangu safari hii ni elfu ishirini, nitaituma tarehe 26. Siku yenyewe nipo, mnipangie zamu ya jikoni." Kamati zinahitaji mikono kuliko zinavyokiri, na anayekatakata vitunguu kilo kumi hakuna anayemkumbusha kiwango cha kadi ya mtu na mwenzi wake.

Wazazi kijijini, kama wako Kondoa au Manyoni, wasaidie wakati wa mavuno kwa gunia moja la kuweka ndani badala ya kutuma elfu kumi kumi Februari, bei ikiwa juu.

Kipato hakina tarehe

Kwa bodaboda, mama lishe, fundi, mwenye saluni, mkulima wa zabibu, swali la "siku ya ngapi" linageuka kuwa "miezi ipi". Na Dodoma ina kalenda yake. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, linajaza nyumba za wageni, bajaji na sahani za mama lishe. Wabunge wakiondoka, meza zinabaki. Anayefanya biashara karibu na UDOM anajua likizo ndefu ya wanafunzi inavyokausha mtaa. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya mavuno hayo hakuna anayekuuliza unakula nini.

Kosa la kawaida ni kuishi kila mwezi kwa kipimo cha mwezi huo: Mei nyama, Julai madeni. Tafuta mwezi mbaya kuliko wote wa mwaka uliopita na ujilipe mshahara wa kiwango hicho, kila Jumatatu, mwaka mzima. Ziada ya miezi ya Bunge inakaa pembeni kuziba miezi mibovu. Hela ya mtaji isikae mfuko mmoja na hela ya kula. Mama lishe anayenunua mchele wa nyumbani kwa hela ya mchele wa biashara hajui kama biashara inamlipa, na mara nyingi haimlipi.

Umekagua kote na hakuna kinachovuja

Basi kipato ni kidogo, na hakuna daftari litakalokibadilisha. Usijitese kwa kukata zaidi. Nyumba inayokula mara moja kwa siku ili iweke akiba inahamishia gharama hospitali. Ongeza upande wa kuingia. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, mkiwa kikundi chenye katiba na akaunti. Mkopo bila riba bado ni mkopo, kwa hiyo nendeni na biashara ambayo tayari inaingiza chochote, hata kama ni maandazi.

Wakati mnasubiri, na hela haitoshi kulipa kila mtu mwezi huu, mpangilio wa malipo uwe chakula, kodi ya nyumba, nauli ya kukupeleka kazini, halafu wanaokudai kwa utaratibu ule wa riba. Ambao hutawafikia wapigie simu wewe kabla ya tarehe, uwatajie kiasi na siku. Mkopeshaji akianza kukutishia au kuwatumia ndugu zako meseji, tunza meseji hizo pamoja na risiti za marejesho na uzipeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa hapa Dodoma.